Sijaona na Sanduku Kubwa

Sijaona ndilo jina lake, na aliyempa alikuwa bibi yake. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Bujumbura, macho yakiwa wazi, akawatazama wanawake waliojaa chumbani mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna mmoja anamtafuta. Bibi akasema, "Sijaona mutoto wa hivi," na basi, jina likapatikana bila kikao. Tangu hapo kila aliyetaka kuwachekesha watu wa mtaa alimuuliza, "Sijaona, umeona?" Naye, ambaye kweli alitaka kuona kila kitu, alikasirika kila mara.

Akiwa na miaka saba aliifungua redio ya baba yake amtafute anayeongea. Akiwa na miaka tisa alichapwa kwa kuchungulia maiti ikioshwa. Wasichana wenzake walipoanza kujipaka wanja, yeye alikuwa amekaa juu ya tairi kwenye garaji ya Hamimu, barabara ile ile, akiuliza mafuta yanaingilia wapi na moshi unatokea wapi. Hamimu wakati huo alikuwa kijana mwenye mikono myeusi kwa grisi, na alikuwa na subira. Alimwambia kuwa fundi wa kweli hakimbilii kuivua kulasi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini. Kwanza unatoa buji, ile plagi inayowasha moto, unamulika tochi kwenye katundu kake, unatazama. Mara nyingi hapo hapo unaujua ugonjwa na unaumaliza.

"Na kama hauone kitu?" aliuliza msichana.

"Hapo njo unavua kulasi. Lakini apana mbele."

Sijaona aliolewa, akazaa watoto wawili. Mwaka wa 1995, wakati wa vita, mume wake alichukua gari la kwenda Rumonge kutafuta mafuta ya mawese, na hakurudi. Gari lilipatikana, watu wake hawakupatikana. Wazee walimsomea hitima bila jeneza, akakaa eda, akaitwa mjane. Lakini hakuona mwili, wala kaburi, wala hata kiatu. Watu walimpa pole kwa kufiwa. Hakuna aliyempa pole kwa kutoona, na kumbe hicho ndicho kilichomuuma zaidi, kila siku, mpaka leo.

Mwaka uliofuata alipata kazi katika hospitali ndogo ya masista, upande wa kusini, kwenye barabara ya kwenda Musaga. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo vya upasuaji, kuvipanga na kuvipika kwa mvuke ndani ya otoklavu mpaka kila kijidudu kife. Chumba chake kilipakana na bloki, ndivyo wanavyokiita pale chumba cha upasuaji, na kati ya vyumba hivyo viwili kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo. Kupitia kidirisha hicho Sijaona aliona mgongo wa daktari, ukingo wa taa, na miguu ya mgonjwa chini ya shuka. Mungu ana utani wake. Mwanamke anayetaka kuona kuliko wote Bujumbura alipewa dirisha linaloonyesha migongo.

Mwenye mgongo huo alikuwa Daktari Népomuscène, mtu wa Ngagara, mrefu, mpole, Mkatoliki wa kwaya. Mwaka wa 2001 wageni kutoka Ubelgiji waliiachia hospitali kamera iliyotumika, nyembamba kama kalamu, pamoja na televisheni yake. Kwa mashine hiyo daktari aliweza kutoboa matundu mawili matatu ubavuni, akaingiza kamera kifuani, akatazama pafu kwenye televisheni na kulisafisha bila kumpasua mtu. Mgonjwa alirudi kwao mapema, na kovu ambalo angeweza kulifunika kwa kidole. Ila si kila kifua kilikubali. Mara nyingine katikati ya kazi daktari aliiweka kamera kando, akakata ubavuni kwa urefu, akatanua mbavu, akaingiza mikono.

Kwa hiyo Sijaona alipika masanduku mawili kwa kila operesheni ya kifua. Sanduku dogo lilikuwa na kamera na vyombo vyake vyembamba. Sanduku kubwa lilikuwa na visu, mikasi mirefu, na chuma chenye meno kinachozungushwa kwa mkono kutanua mbavu, ndugu yake jeki ya gari. Sanduku kubwa mara nyingi lilirudi kama lilivyokwenda, halijafunguliwa. Hata hivyo daktari hakugusa kisu kabla ya kuuliza, "Sanduku kubwa liko?" Mwanzoni Sijaona alidhani hajiamini.

Wakati wa kubadilisha ulipofika, daktari alisema kwa Kifaransa, "On convertit." Tunabadilisha. Bloki nzima ililizoea neno hilo, likapewa mikono na miguu ya Kiswahili: leo tumekonverti, yule wa jana hakukonvertiwa. Sijaona naye akalitumia nyumbani hata kwa ugali. Unga ukipungua anaongeza maji, anawaambia wanawe, "Tukonverti, iwe uji." Watoto walicheka bila kujua wanachekea nini.

Kilichomnyima raha ni kwamba hakujua daktari anaona nini kwenye ile televisheni mpaka aseme. Je, ni damu? Ni rangi fulani? Alianza kuchunguza alichoweza, yaani mgongo na sauti. Baada ya miezi kadhaa akagundua jambo. Daktari alipokuwa akifanya kazi aliimba chini chini, wimbo mmoja tu wa kwaya, na aliupotoa. Kila mara kabla ya kubadilisha, wimbo ulikatika. Si mwisho wa ubeti, popote tu. Tangu siku hiyo wimbo ukikatika Sijaona alilisogeza sanduku kubwa kidirishani, na daktari alipogeuka kuliita alilikuta linamngoja. Alimuuliza mara mbili kwenye korido, "Dokteri, unajuaka je kama saa imefika?" Mara ya kwanza daktari alikuwa anakimbia. Mara ya pili alicheka tu, akasema, "Siku moja utaona, Sijaona," na kwa utani huo akajiunga na wajinga wote wa Buyenzi.

Sasa tuje kwa Mzee Hamimu.

Yule kijana wa garaji alikuwa amefikisha miaka sitini na mitatu, ameota mvi, na bado alikuwa fundi. Mwaka ambao otoklavu ya hospitali ilianza kuvuja mvuke na kipuri hakipatikani nchini, Sijaona ndiye aliyemleta. Mzee alitega sikio kwenye kifuniko, akatikisa kichwa, akakata mpira kutoka tairi la lori, akauweka, na mashine inafanya kazi mpaka leo. Masista walimpa biskuti. Alizila zote pale pale, akasifu.

Julai ya 2003 mabomu yalipoangukia mitaa ya kusini, watu walikimbilia walikoweza, na garaji ya Mzee Hamimu ikajaa wageni. Yeye aliwaachia mikeka yote, akalala siku tano kwenye sementi. Akaanza kukohoa. Hospitali zilijaa majeruhi, na mzee mwenye kikohozi aliona haya kujipanga pamoja na watu waliotoka damu. Nimonia ikazaa usaha kifuani, usaha ukakaa, ukaganda. Alipoletwa kwa Daktari Népomuscène, mwanzoni mwa Septemba, alikuwa anahema akiwa amekaa, na hakuweza kumaliza Al-Fatiha kwa pumzi moja.

Asubuhi ya operesheni familia yake ilikaa uani kwenye benchi. Lubna, mke wake, alishika tasbihi bila kuivuta. Kando yake alikuwa Shakuru, mdogo wa Hamimu, muuza vipuri wa Quartier Asiatique, mtu wa kanzu safi na kauli nzito. Shakuru alilelewa na kaka yake tangu wazazi wao walipokufa, na vita hivi vilikuwa vimeshamnyang'anya watoto wawili na duka la kwanza. Sijaona aliwasalimu, akawaambia kuwa yeye mwenyewe amepika vyombo, wasihangaike. Kisha akaenda kwenye kidirisha chake.

Wimbo ulianza vizuri. Sijaona alisikia maji, alisikia mashine ya kufyonza, alisikia daktari akiuharibu ubeti wa pili kama kawaida. Halafu, katikati ya neno, kimya. Safari hii miguu iliyo chini ya shuka aliijua. Alilisukuma sanduku kubwa mbele.

"On convertit," akasema daktari. Na alipogeuka kuchukua sanduku akamkuta Sijaona uso wote uko kidirishani, macho yamemtoka. Akamtazama kidogo. "Vaa kofia na maski. Kuja uone."

Hakuna aliyewahi kuvaa maski haraka vile. Alisimama hatua mbili nyuma, mikono ameifunga mgongoni kama alivyoamriwa. Kwenye televisheni hapakuwa na damu wala maajabu. Palikuwa na weupe tu, mzito, pande zote, kama mtu aliyetazama ndani ya mtungi wa maziwa.

"Unaona nini?" aliuliza daktari huku akipima mahali pa kukata.

"Sioni kitu."

"Basi njo hivyo. Wewe uliniuliza mara mbili. Kama nikiona sioni, nafungua."

Aliyeuliza kwa miaka miwili alijibiwa kwa sekunde mbili. Kisha daktari akakata, akaweka kile chuma chenye meno, akakizungusha taratibu, na Sijaona akaona. Pafu la Mzee Hamimu lilikuwa limejikunyata nyuma, limefungwa ndani ya ganda nene, jeupe lenye umanjano. Daktari alianza kulibandua kipande kwa kipande, kwa vidole zaidi kuliko kwa chuma, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Walimwaga maji ya vuguvugu, wakayafyonza, wakamwaga tena. Mwishowe daktari akamwambia fundi wa ganzi ampe mgonjwa pumzi. Pafu likatikisika, likajaza kona moja, kisha nyingine, likapanda mpaka mbavuni, rangi ikigeuka kutoka kijivu kuwa waridi. Sijaona alilia ndani ya maski. Alikuwa amemjua mtu huyu tangu utoto, na sasa alikuwa amemwona mpaka ndani.

Alitoka mbio. Na hapa ndipo furaha ilipomponza, maana mwenye furaha hachagui maneno. Alifika uani bado amevaa kofia ya bloki, akamshika Lubna mikono yote miwili.

"Msiogope tena. Bamemukonverti, na amekubali vizuri sana."

Shakuru alisimama. "Bamemufanya nini?"

"Bamemukonverti. Nimeona na macho yangu, kaka Shakuru. Dokteri mwenyewe aliniita nione. Alikuwa amefungwa ndani, amefungwa kabisa, sasa amefunguka. Bamemumwagia maji, maji mengi, bamemusafisha mpaka mwisho. Ilikuwa lazima. Bila ile angekufa. Sasa ana pumzi mpya."

Lubna aliiangusha tasbihi. Shakuru aliinama kuiokota, na Sijaona, ambaye kichwani mwake mlikuwa na pafu la waridi tu, alidhani wameshikwa na shukrani. Akawapigapiga mabegani, akarudi kuosha vyombo. Aliimba wimbo wa daktari wakati akisugua kile chuma.

Alasiri, nyumbani Buyenzi, wanawake kwenye bomba la maji walimpisha mapema kuliko desturi, na hakuna aliyemuuliza habari za mgonjwa. Jirani mmoja aliirudisha sufuria aliyoiazima tangu mfungo. Sijaona alifikiri watu wamechoka na vita tu.

Kesho yake asubuhi alipitia wodi na chupa ya uji. Aliwakuta Shakuru na wanaume wawili wa msikitini kando ya kitanda cha Mzee Hamimu, na machela imekwisha kuegemezwa ukutani. Nje kulikuwa na gari la Toyota linalongojea, nyuma limetandikwa godoro. Mbele ya machela alisimama Masera Dévote, mtawa mkuu wa wodi, mfupi, mikono ameikunja kifuani. Lubna alikaa kwenye ncha ya kitanda, analia bila sauti.

"Hatoke mutu hapa," alisema Masera Dévote. "Ule mupira uko mu kifua. Mukimubeba ukachomoka, pafu inakufa, na yeye anakufa pamoja nayo. Ni kama nusu saa."

Alikuwa anasema kweli. Mpira mnene ulitoka ubavuni mwa mzee, ukashuka mpaka kwenye chupa ya maji sakafuni. Usaha na hewa vilitokea humo, na bila ile chupa kila pumzi ingemrudisha alikotoka au pabaya zaidi. Lakini kwa Shakuru, mtawa anayemkatalia asimchukue kaka yake alikuwa ushahidi wa mwisho. Alimgeukia Sijaona.

"Umekuja kuangalia kazi yako?"

"Kazi gani, kaka?"

"Ule ni kaka yangu. Amenilea. Ameswali tangu mutoto. Nyinyi mukamungojea alale dawa, mukamubatiza." Sauti yake haikupanda, na hiyo ilitisha zaidi. "Na wewe, mutoto wa Buyenzi, ukakuja kutuambia na kicheko."

Shakuru akachomoa karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akamsogezea. Alikuwa amesoma Kifaransa shuleni, alisoma vizuri kabisa. Kwa mwandiko wa daktari, juu ya mistari mingine yote, palikuwa pameandikwa: *Conversion, 10 h 40.* Kwa Kifaransa neno hilo hilo ni la mtu anayebadili dini.

"Mpaka saa bameandika," alisema. "Saa ine na dakika makumi ine, kaka yangu aliacha dini."

Mungu amsamehe, jambo la kwanza lililomjia Sijaona lilikuwa kicheko. Kilimtoka puani kabla hajakizuia. Halafu aliyasikia maneno yake ya jana yakirudi moja moja, maji, kufungwa, kufunguka, pumzi mpya, nimeona na macho yangu, na kicheko kikakauka. Aliona kwamba mtu huyu atambeba kaka yake, kwamba mpira utachomoka barabarani, na kwamba neno moja alilozoea kulitupia ugali litakuwa limemuua Mzee Hamimu.

Alimtazama mzee. Alikuwa macho, amelala upande, uso wa majivu. Tangu alipozinduka hakuwa ametamka kitu. Kila pumzi ilimchoma kwenye kidonda, basi alivuta vijipumzi vya juu juu, na lau angeweza, hata hivyo vidogo angeviacha. Daktari alikuwa amemsihi avute pumzi ndefu, akohoe, ongea kidogo Mzee, pafu likilala litaganda tena. Akakataa kwa macho. Na ukimya huo nao Shakuru aliusoma kwa namna yake: kaka anaona haya.

"Mzee," alisema Sijaona, akachutama mpaka nyuso zao zikalingana. Aliongea naye, si na mdogo wake. "Motere inagonjwa. Unafanya nini kwanza?"

Midomo ya Mzee Hamimu ikacheza. "Buji," akanong'ona.

"Unatoa buji, unamulika mu katundu. Sasa ndani ni masizi tu, hauone kitu. Unafanya nini?"

"Kulasi."

"Unavua kulasi. Dokteri naye alikumulika na kamera mu katundu. Akakuta ganda tupu, haone. Akavua kulasi. Kwa Kifaransa chao, kuacha katundu na kuvua kulasi, bo banaita kukonverti. Ni ile tu. Maji ni ya kusafisha masizi." Akamgeukia Shakuru, machozi yakimtoka. "Mi njo nilikosa, kaka. Nilizoea neno la bloki, nikaleta mu uwanja. Apana masera, apana dokteri. Mi."

Wanaume wawili wa msikitini walitazamana. Mmoja, aliyekuwa dereva wa lori, alisema polepole kuwa hilo la kulasi linaingia akilini. Shakuru alisimama na karatasi mkononi. Mtu aliyekwisha kukasirika mpaka kukodi gari harudi nyuma kwa urahisi, na mtu aliyepoteza mengi hathubutu kuamini upesi.

"Kama ni hivyo," alisema, "aseme yeye mwenyewe. Aseme shahada. Nisikie na masikio yangu."

Lubna alisema, "Shemeji, anaumia."

"Aseme."

Mzee Hamimu alifumba macho. Alikusanya pumzi, ikakatika kwenye kidonda. Akakusanya tena, na safari hii akaing'ang'ania, jasho likimtoka kipajini. "Ash-hadu," alisema. Akakohoa, kikohozi cha kuchana mbavu, na Lubna akaziba uso. "Ash-hadu an la ilaha..." Akakohoa tena.

Sijaona hakuwa anamtazama usoni. Macho yake, kwa tabia, yalikuwa yameshateremka na mpira mpaka sakafuni, na ndani ya chupa iliyokuwa imetulia tangu jana maji yalipanda, yakashuka, kisha yakaanza kutokota kwa mapovu makubwa. Akamvuta Masera Dévote upindo wa kanzu, akamwonyesha kwa kidole. Mtawa aliinama, akapiga goti kando ya chupa, akatazama. Hewa iliyokaa kifuani usiku kucha ilikuwa inatoka.

"...illa llah," alimaliza mzee, nusu sauti, akalala chali.

Shakuru alikuwa ameegemea ukuta, mkono machoni, mabega yakimtikisika. Na kutoka sakafuni Masera Dévote, rozari ikimning'inia kiunoni, akainua kichwa.

"Tena, Mzee," alisema. "Kwa nguvu."

Alisema tena. Asubuhi ile alisema mara tisa, na mtawa alibaki pale goti chini, akiangalia saa yake, akimpa dakika ya kupumzika kati ya moja na nyingine. Mara ya sita na ya saba Shakuru alimshika kaka yake mgongoni akasema naye. Toyota iliondoka na godoro lake tupu. Daktari Népomuscène alipopita na kupewa habari yote, aliketi kwenye kitanda cha jirani akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaomba radhi kwa Shakuru kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, akachukua karatasi, akaandika kitu chini ya agizo la dawa. Sijaona aliisoma baadaye. Ilisema mgonjwa aswali kwa sauti, mara tano kwa siku au zaidi.

Mchana wanaume walipokwenda, Lubna alimshika Sijaona mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli aliona. Akaomba aambiwe. Sijaona alimwambia yote: ganda, rangi, vidole vya daktari, kona ya kwanza iliyojaa hewa na kona ya mwisho. Hakuficha kitu wala hakuharakisha. Alijua ilivyo kukaa na mtu moyoni bila kujua alikuwaje saa ile.

Mzee Hamimu alirudi Buyenzi siku ya kumi na nne, na sauti yake alfajiri ilisikika mpaka barabara ya kumi na tisa. Kwenye bomba la maji wanawake walimrudia Sijaona na maswali yao. Jirani aliiazima tena sufuria. Ile *conversion* ikapigwa marufuku wodini kwa amri ya Masera Dévote, lakini kwenye bloki hakukuwa na neno badala yake, na daktari alilalamika kuwa kusema kulasi mbele ya mgonjwa kungezua mambo mengine.

Ilipita miezi miwili. Asubuhi moja ya Novemba alilala mezani mwalimu mmoja kutoka Musaga, kifua chake kikiwa na hadithi ile ile. Wimbo ulianza, ukapotoshwa, ukaingia ubeti wa pili. Sijaona alikuwa upande wake wa ukuta, anapanga pamba. Wimbo ukakatika.

Daktari alisimama akiitazama televisheni, mgongo umenyooka. Hakugeuka, na hakusema neno la Kifaransa.

"Sijaona," alisema.

Kama alikuwa anamwita, au anasema tu kilichompata, hakuna aliyejua. Sanduku kubwa lilikuwa limeshafika kidirishani.